Nilipima kwanza, nikadunga baadaye: maabara ya mifugo na vitoto vyangu vya nguruwe

Nafuga nguruwe Ruai, na huku kwetu dawa ya kila kitu ni oksitetrasaiklini (OTC), antibiotiki ya agroveti, yaani duka la dawa za mifugo. Nguruwe akikohoa, OTC. Akihara, OTC. Safari hii vitoto vilivyotoka kuachishwa kunyonya vilianza kuhara maji ya manjano, na daktari wangu wa mifugo akanisihi nipeleke sampuli kwenye maabara moja upande wa Kabete, wanakootesha bakteria na kuangalia dawa gani inawaua.

Masharti yao ni makali lakini yana maana. Sampuli ichukuliwe kabla mnyama hajapewa dawa, itoke kwa kitoto chenyewe, si ya kuokotwa sakafuni, ikae kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Ruai hadi Kabete asubuhi ya siku ya kazi, foleni ya magari unaijua mwenyewe. Nilituma bodaboda.

Walipopokea walinipigia kuniuliza jambo ambalo agroveti hawajawahi kuniuliza: kuna nguruwe wakubwa waliokufa ghafla, wenye homa kali na ngozi nyekundu masikioni? Kama wapo, nisiwahamishe, nimwite daktari wa mifugo wa serikali. Homa ya nguruwe ya Afrika ni virusi, ilielezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, na hakuna antibiotiki inayoigusa. Najua majirani waliomaliza chupa za penstrep, mchanganyiko wa penisilini na streptomisini, wakipigana nayo.

Kwangu haikuwa hiyo, ilikuwa E. koli, bakteria wa utumbo. Nilipokwenda kuchukua majibu fundi alinionyesha sahani. Wanapanga vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa juu ya bakteria. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka. Tetrasaiklini haikuwa na duara hata la kusingizia. Streptomisini vivyo hivyo. Jentamisini ilikuwa na duara pana, na ndiyo daktari aliyoiandika, kwa kipimo cha uzito, pamoja na tarehe ambayo kabla yake nisiuze hata mmoja kwa mchinjaji. Kuhara kulikatika.

Kinachouma ni kungoja. Bakteria huota kwa siku zao, na kitoto kinachohara hukauka haraka. Daktari aliviweka vitoto kwenye maji ya kunywa ya chumvichumvi, matandiko makavu na taa ya joto usiku; hata hivyo kimoja hakikusubiri majibu. Ripoti nayo imeandikwa kwa Kiingereza chote, S (dawa inawaua) hapa, R (haiwaui) pale, bila maelezo. Bila yule fundi ningerudi nyumbani na karatasi tu.

Gharama inashinda chupa ya OTC. Mwenye nguruwe wawili wa nyuma ya nyumba ataguna, na simlaumu. Mwenye majike yanayozaa mfululizo apime, kwa sababu majibu ya zizi moja yanamsaidia daktari hata uzao unaofuata ukianza kuhara. Nawapa nyota nne kati ya tano. Peleka sampuli mapema wiki, kwani wikendi wamefunga.