Tahadhari: "kifurushi cha kuediti 4K" wanachouziwa wanaoanza droni

Wadau wa droni, hasa nyinyi mlionunua juzijuzi na sasa mnatafuta kompyuta ya kuunganisha video zenu: kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram. Sura hubadilika, maneno ni yaleyale. "Laptopu ya kuediti 4K, Core i7, grafiki GB 8, Premiere Pro ya maisha imeshawekwa, zawadi memori kadi GB 512 na SSD ya TB 2." Anayelirusha mara nyingi hana duka. Ni winga, mzigo ni wa mtu mwingine, na ukirudi kulalamika kila mmoja anakutupia kwa mwenzake. Kwa hiyo kila kitu kikaguliwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tuanze na "Core i7", maana hapo ndipo wengi wanaingizwa mjini. Jina hilo limekuwepo tangu 2008 na peke yake halikwambii kitu. Soma namba inayolifuata. i7-2620M ni kizazi cha pili, chipu ya 2011 yenye kori mbili. i7-7500U ni ya kizazi cha saba lakini nayo ina kori mbili tu, wakati i5-8250U, ambayo winga ataiita ya kawaida, ina kori nne na itaiacha mbali kwenye kazi hii. Kwa chipu za zamani tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Kuanzia kizazi cha kumi zinahesabiwa mbili za mwanzo, kwa hiyo i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja. Muuzaji anayejibu "ni i7 tu, kaka, inapiga kazi" na kukataa kutuma namba kamili, achana naye.

Kizazi kina maana kwa sababu ya aina ya faili. H.265 ni mfumo wa kubana video. Video yake imebanwa sana, na kuifumua fremu kwa fremu ni kazi nzito isipokuwa chipu ina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Kwa Intel, sehemu hiyo inamudu H.265 ya biti 8 (hicho ni kina cha rangi) kuanzia kizazi cha sita na ya biti 10 kuanzia cha saba. Ukirekodi D-Log M (picha yenye rangi zilizopoa, za kurekebisha baadaye) kwa droni ya DJI Mini 4 Pro unapata biti 10. Mini 3 ya kawaida na Mini 4K zinarekodi H.264, nyepesi zaidi kufumua, kwa hiyo mwenye droni hizo asitishwe kununua mashine ya bei kubwa asiyoihitaji. Huo nao ni utapeli, ila wenye adabu.

Usiamini jina la prosesa linaloonekana kwenye ukurasa wa About wa Windows. Jina hilo linasomwa kutoka kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na mtu anaweza kuweka skripti ndogo inayoandika i7 kila kompyuta inapowaka hata kama ndani kuna i3. Njoo na programu ya CPU-Z kwenye flashi yako mwenyewe, ile isiyohitaji kusakinishwa. Yenyewe inaiuliza chipu moja kwa moja. CPU-Z iliyokwishawekwa na muuzaji usiihesabu.

"Grafiki GB 8" ndiyo mbinu inayofanya kazi kuliko zote, kwa kuwa anakuonyesha kwa macho yako. Anafungua ukurasa wa mipangilio ya skrini, unasomeka "Total Available Graphics Memory" karibu MB 8,200, na mteja anaridhika. Sogeza jicho mistari inayofuata. "Dedicated Video Memory" mara nyingi ni MB 128, na kilichobaki kimeandikwa "Shared System Memory", yaani nusu ya RAM ya kawaida inayoazimwa. Hakuna kadi ya grafiki pale. Mashine ina RAM ya GB 16, basi. Fungua Task Manager, ingia Performance, bofya GPU: kadi ya kweli ya NVIDIA au AMD itajitaja kwa jina, na "Dedicated GPU memory" itakuwa na namba yake. Kwa kuanza kuediti 4K, GB 4 za kadi halisi na RAM ya GB 16 zinatosha.

Kwenye kompyuta za mezani hali ni mbaya zaidi. Kuna kadi za NVIDIA za zamani, kama GTS 450, ambazo BIOS zake (programu ya ndani ya kadi) zimechakachuliwa zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika kabisa. Programu ya GPU-Z inazigundua na kuandika [FAKE] mbele ya jina. Dalili ya nje ni tundu la VGA la bluu nyuma ya kadi: chipu ya 1050 Ti haitoi mawimbi ya analogia, kwa hiyo tundu hilo likutie shaka mara moja.

Kipimo ambacho hakuna winga anayekipenda ni faili lako mwenyewe. Yeye atakuchezea video ya mtandaoni ya 1080p, na hiyo hata simu inacheza. Wewe njoo na klipu ya dakika mbili kutoka kwenye droni yako, 4K. Ikopi kwenye diski ya laptopu (usiicheze moja kwa moja kutoka kwenye flashi, itakwama kwa sababu ya flashi), ifungue kwa VLC, kisha tazama Task Manager. Mchoro wa "Video Decode" upande wa GPU ukipanda na CPU ikatulia, mashine inafumua kwa chipu. "Video Decode" ikibaki sifuri na CPU ikagota asilimia 100 huku picha inakatakata, umeshapata jibu. Kicheza video cha Windows kikikataa H.265 na kudai nyongeza, hilo si kosa la laptopu. Ndiyo sababu tunasema VLC. Ukiwa hapohapo fungua programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi, kisha kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri uliotoka nao kiwandani na uliobaki.

Kwa MacBook za M1 zinazouzwa bei ya kutupa, tatizo ni jingine: mashine ya kampuni au shule ambayo bado imefungwa kwa mwenyewe. Inafanya kazi vizuri hadi siku utakapoifuta. Mwambie aifute mbele yako kwa "Erase All Content and Settings", uiunganishe na hotspoti ya simu yako, kisha muianzishe upya. Ikitokea skrini ya "Remote Management" au ikadai Apple ID ya mtu mwingine, ondoka. Na ukumbuke RAM ya M1 haiongezwi. Ya GB 8 itabaki GB 8.

Sasa zawadi. Memori kadi feki ni kadi ya GB 16 au 32 ambayo kidhibiti chake kimeandikwa upya kidai GB 512. Siku za mwanzo kila kitu ni safi. Ukishavuka ujazo halisi, kadi inaendelea kupokea data bila kulalamika huku ikiandika juu ya za zamani au ikizitupa. Majina ya faili yanabaki, ukubwa unaonekana, video hazifunguki. Na hasara huja siku ya harusi ya watu, si siku ya majaribio uwanjani.

Kuipima kikamilifu tumia H2testw kwa Windows au F3 kwa Mac na Linux: inajaza kadi yote kisha inasoma upya kila kipande. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 30 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa moja kujazwa tu, kwa hiyo mkubaliane mapema kurudisha siku hiyohiyo. Kwa haraka ukiwa dukani kuna ValiDrive, inayochungulia maeneo 576 ya kadi kwa dakika chache. Tumia kadi tupu.

Halafu jiulize kama unaihitaji hiyo GB 512. Mini 4 Pro kwa kiwango chake cha juu hurekodi Mbps 150, ambayo ni MB 18.75 kwa sekunde, au takriban GB 1.1 kwa dakika. Dakika ishirini za kurekodi ni kama GB 22. Kadi moja halisi ya GB 64 yenye alama ya V30, inayohakikisha MB 30 kwa sekunde, inabeba zaidi ya dakika hamsini.

Ile "SSD ya TB 2" ya zawadi ukiifungua mara nyingi utakuta memori kadi imegandishwa kwa gundi kwenye kibao kidogo cha USB. Ni nyepesi kupita kiasi na kasi yake haivuki MB 20 au 30 kwa sekunde, wakati SSD ya nje ya kweli hutoa mamia. Ipime kwa CrystalDiskMark.

"Premiere Pro ya maisha" haipo. Tangu 2013 Adobe wanaweka matoleo mapya kwenye malipo ya mwezi au mwaka tu, kwa hiyo anayekuuzia ya milele anakuuzia iliyovunjwa au akaunti ya mtu mwingine ambayo nywila itabadilishwa wakati wowote. Iliyovunjwa ndiyo hatari. Ili iingie, fundi huzima kinga ya Windows na kuiambia isikague diski C nzima. Nenda Windows Security, sehemu ya Exclusions. Ukiona C:\ imeorodheshwa pale, mlango uko wazi. Virusi vya familia ya STOP/Djvu, vinavyofunga faili zako na kudai fidia, vimesambaa sana kwa njia hii, pamoja na programu zinazoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Na wapo wanaotoza pesa kuweka DaVinci Resolve "full". Toleo la kawaida ni la bure kwenye tovuti ya Blackmagic Design na linatoa video hadi 3840 kwa 2160. Anayeanza hahitaji zaidi. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295, unalipa mara moja, na funguo yake inaruhusu kompyuta mbili. Ukiuziwa funguo iliyogawiwa watu kumi, utafungiwa wa tatu akiiwasha. Laptopu ikilemewa na Resolve, tengeneza proksi (nakala nyepesi za video) za 1080p ndani ya programu yenyewe, editi kwa hizo, kisha utoe kazi kwa faili halisi. Mashine ikiwa dhaifu zaidi, Shotcut na Kdenlive ni za bure kabisa.

Pesa: hakuna kianzio wala "tuma na ya kutolea, mzigo upo kwenye basi". Lipa ukiwa umeishika mashine, udai risiti ya EFD yenye modeli na serial namba ya mashine. Taarifa za bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Namba ya tapeli wa kwenye simu, kwa Tanzania, hutumwa 15040.

Kama umeshanunua na Premiere hiyo ipo ndani, ikate intaneti kwanza. Badilisha nywila za barua pepe na za benki kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, si hiyo. Kopi video na picha tu, usibebe faili lolote la .exe, kisha futa diski yote na uweke Windows upya kutoka Microsoft. Hadi hapo, kadi ya droni yenye video ambazo hujazihifadhi kwingine isiguse laptopu hiyo.