GNU Hello: kifurushi cha salamu kilichonifungua macho

Mimi ni mfasiri. Nilipohama Windows kwenda Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, programu ya kamusi ninayoitegemea kazini haikuwemo kwenye hazina ya vifurushi, yaani ghala la programu zilizo tayari kusakinishwa. Walioitengeneza walikuwa wametoa faili moja tu: jina, namba ya toleo, kisha .tar.gz, yaani kifurushi kilichobanwa chenye msimbo wa programu ambao bado haujajengwa. Nililibofya, ikafunguka folda iliyojaa mafaili, na hakuna hata moja lililofanana na programu ya kufungua. Jioni tatu ziliishia hapo. Nilibandika amri za kuokota, zote zikianza na sudo (neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), mpaka sikujua tena nimeweka nini wapi.

Kilichonitoa kwenye mkwamo huo ni GNU Hello. Kazi yake ni kuandika "Hello, world!" kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, basi. Lakini GNU, mradi wa programu huria, unaitoa kama kielelezo cha namna programu zake zinavyopaswa kufungashwa, kwa hiyo ndani mna kila kitu ambacho programu kubwa huwa nacho: configure (skripti ya kukagua mashine kabla ya kujenga), majaribio, ukurasa wa mwongozo, hata tafsiri za lugha nyingi. Nilichukua toleo la 2.10, la mwaka 2014. Halifiki hata megabaiti 1.

Amri nilizotumia ni hizi:

tar xzf hello-2.10.tar.gz
cd hello-2.10
./configure --prefix=$HOME/majaribio
make
make check
make install

Mara ya kwanza configure ilisimama mapema kabisa: hakuna kompaila ya C, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu ya kuendesha. Nilidhani kompyuta ya Linux huja nayo, kumbe sivyo. Kwenye Debian unaandika sudo apt install build-essential, nayo inaleta gcc, make na wenzao.

Baada ya hapo nilikaa nikazisoma zile mistari za configure moja moja, nami naomba kila anayeanza afanye hivyo japo mara moja. Ni mahojiano. Inaiuliza mashine yako: kompaila ipo? Inafanya kazi? Kitendakazi fulani kipo? Jibu linaandikwa mwishoni mwa mstari. Mahojiano yakikamilika, ndipo faili la Makefile linapozaliwa, na make, amri inayojenga programu, inalihitaji hilo. Hapo nikaelewa jioni zangu tatu. Nilikuwa nasoma malalamiko ya make kwamba haioni Makefile, ilhali chanzo kilikuwa juu zaidi, kwenye configure iliyokatika njiani. Kosa la kwanza ndilo la kusoma; yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. Maelezo kamili hubaki kwenye faili la config.log.

Neno --prefix ndilo nililolipenda kuliko yote. Usipoliandika, make install hupeleka vitu /usr/local, na huko unahitaji mamlaka ya msimamizi. Ukiliandika kama nilivyofanya mimi, kila kitu kinakaa kwenye folda yako mwenyewe na sudo huihitaji. Nilifungua folda ya majaribio nikaona programu imeingia bin, mwongozo share/man, na ndani ya share/locale kukawa na folda moja kwa kila lugha iliyotafsiriwa. Kwa mtu wa kazi yangu, hiyo ilikuwa furaha tupu. Niliwasha lugha ya Kihispania kwenye mfumo, nikaendesha programu tena, ikanisalimu kwa Kihispania. Ukiandika ~/majaribio/bin/hello -g 'Habari za jioni', inatamka maneno yako.

Kisha andika make uninstall ukiwa bado kwenye folda ya msimbo, uone mafaili yakiondolewa. Usiifute folda hiyo haraka, kwa sababu apt, kisakinishi cha Debian, haina habari na ulichosakinisha kwa mkono: haitakiondoa wala kukisasisha.

Upungufu upo. Hello haitegemei maktaba za pembeni, yaani msimbo wa wengine ambao programu huutumia, kwa hiyo haikufundishi jambo linalokwamisha watu wengi. Niliporudi kwenye kamusi yangu, configure ilidai maktaba fulani haipo, na mimi nilikuwa nayo tayari. Ilinichukua muda kujua kwamba Debian hutenganisha maktaba ya kuendeshea programu na mafaili ya kujengea. Haya ya pili yamo kwenye kifurushi chenye jina linaloishia na -dev. Faili la INSTALL nalo ni maelezo ya jumla, marefu, yanayomchosha mgeni. Soma sehemu ya mwanzo tu. Na ukikutana na programu inayojengwa kwa CMake au Meson, zana nyingine za kujengea, configure hutaiona, amri ni nyingine.

Hata hivyo naipa nyota 4 kati ya 5, na ningemwambia yeyote aliyehamia Linux jana aanze nayo kabla hajagusa programu anayoihitaji kweli.

Kamusi yangu ilihitaji vifurushi viwili vya -dev. Safari hii niliandika --prefix=$HOME/.local, configure ikafika mwisho, make ikachukua dakika kadhaa. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena ili mfumo uione folda mpya ya bin, nikaandika jina la kamusi. Ikafunguka.