Tangi la ziada kutoka Katwe: sanduku safi, mipira ya kutilia shaka

Ukipeleka pikapu Katwe, Kampala, na kuomba tangi la dizeli la lita 80 nyuma ya kabini, utalipata, na mara nyingi sanduku lenyewe litakuwa kazi nzuri. Kukunja bati ndiyo kazi ya kila siku ya mafundi wa huko na pembe zao zimenyooka. Kinachowaangusha ni vitu vidogo vinavyolizunguka tangi: mpira wa kujazia, kipumulio (njia ya hewa ya tangi), vali, waya wa pampu. Ndiyo maana tunatoa alama mbili tofauti. Sanduku nyota nne kati ya tano, ufungaji nyota mbili.

Kwanza uliza kama unalihitaji. Hilux hubeba lita 80. Ikinywa lita 11 kwa kilomita 100 utakwenda kama kilomita 720. Kampala hadi hifadhi ya Kidepo kwa njia ya Kitgum ni karibu kilomita 570, kwa hiyo kufika unafika. Safari nzima, kwenda, kuzunguka hifadhini na kurudi, hukaribia kilomita 1,300, yaani lita 143. Lakini Kitgum kuna vituo vya mafuta, na mtalii aliye na jerikeni mbili za lita 20 hana sababu ya kutoboa gari lake. Tangi la pili ni la gari linaloshinda wilaya za Kaabong na Karenga, jirani na Kidepo, wiki nzima, likitambaa kwenye matope kwa gia nzito ambako lita 15 kwa kilomita 100 si ajabu. Au la mtu anayekumbuka Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama Malaba na Busia, mpakani na Kenya, kwa mzozo wa vipimo vya korona na bei ikapaa. Mwenye Land Cruiser 79 yenye tangi la lita 130 aipite tu habari hii.

Sanduku la sentimita 100 kwa 40 kwa 20 ni lita 80 kamili. Usizijaze zote, acha asilimia 5 juu, kwa sababu mafuta hutanuka juani, na ubaki na 76. Kwa bati jeusi (chuma kisichopakwa zinki) la milimita 2, sanduku pamoja na kuta mbili za ndani hula mita za mraba 1.5, yaani nusu ya bati la futi 4 kwa 8 na kipande kidogo. Uzito wake ni kilo 24 hivi. Ongeza dizeli, kilo 64, na nyuma utakuwa na abiria mnene asiyeshuka njiani. Springi zilizokwisha kulala hazitampenda.

Fundi akikushauri bati lenye zinki kwa hoja kwamba halishiki kutu, kataa. Zinki huingiliana na asidi zilizomo kwenye dizeli na kutengeneza kitu kama sabuni, kinachoziba filta na nozeli. Bati jeusi likiwa halina maji na limejaa dizeli haliliwi na kutu haraka. Adui wake ni maji, kwa hiyo dai plagi ya kutolea maji chini kabisa, na mdomo wa kuvutia mafuta uwe milimita 15 hadi 20 juu ya sakafu. Ndani lisipakwe rangi ya kawaida, itabanduka.

Zile kuta mbili za ndani wengine huziruka ili kuokoa muda. Bila kuta, kwenye kona za kupanda Kapchorwa mafuta hugonga upande huu na ule mpaka mshono unapasuka. Ziwe na mashimo ya milimita 50 na pembe zilizokatwa juu na chini ili mafuta na hewa vipite.

Omba lichomelewe kwa MIG (mashine ya waya unaojisukuma) au gesi. Elektrodi ya kawaida kwenye bati jembamba huacha vijitundu, na magamba yake hubaki ndani yakisubiri pampu. Soketi zote zichomelewe kabla ya kifuniko kufungwa, kisha sumaku ipitishwe sakafuni.

Kuhusu kupima uvujaji, hapa tungependa kupiga kelele. Kuunganisha kompresa ya tairi moja kwa moja kwenye tangi ni hatari kubwa. Presha ya kutosha ni bar 0.2 tu, na hata hiyo, kwenye uso wa sentimita 100 kwa 40, husukuma kwa nguvu ya kilo 800. Geji ya tairi haisomi presha ndogo kiasi hicho. Chukua mpira angavu, ukunje kama herufi U, tia maji, unganisha upande mmoja na tangi: tofauti ya kimo cha maji ya mita 2 ndiyo bar 0.2. Paka povu la sabuni kwenye kila mshono. Palipovuja pachomelewe upya. Silikoni ya gasketi isikubalike, mafuta huilainisha.

Sasa mipira. Mpira wa rejeta unaofungwa kwenye mdomo wa kujazia huvimba kwa dizeli, hulegea kwenye klipu, na baada ya miezi kadhaa kabini inanuka. Nunua mwenyewe mpira wa mafuta ulioandikwa SAE 30R7 kwa njia nyembamba, na mpira wa kujazia wa milimita 50 uliotengenezwa kwa mafuta, klipu mbili kila ncha. Mdomo huo unahitaji njia ya hewa ya milimita 16, la sivyo bunduki ya kituo itakatika kila lita mbili na povu litakurukia. Kipumulio cha safarini ni kingine, milimita 8, kipandishwe juu kuliko mdomo wa kujazia, kisha ncha iangalie chini.

Kuhamisha mafuta ndipo gari nyingi huharibiwa. Njia ya mkato ni kuweka kiungo cha umbo la T kwenye paipu inayokwenda kwa injini, na vali ya kuchagua tangi. Lakini injini ya dizeli ina paipu ya kurudisha mafuta yasiyotumika. Ukivuta tangi la pili huku marejesho yakienda la kwanza, la kwanza litafurika barabarani. Ukitaka kuchagua tangi, nunua vali ya njia sita inayobadilisha paipu ya kuvuta na ya marejesho pamoja. Sisi tunapendelea pampu ndogo ya volti 12 inayomimina kwenye njia ya kujazia ya tangi kuu. Ya lita 2 kwa dakika huhamisha lita 40 kwa dakika 20. Washa pampu geji ya tangi kuu ikishuka chini ya robo, na iwe na fyuzi na swichi yenye taa, maana pampu iliyosahaulika nayo hufurisha. Tangi likiwa juu kuliko lile kuu, weka pia vali ya kufunga. Dizeli huendelea kushuka yenyewe kupitia pampu iliyozimwa.

Boliti za M10 (unene wa milimita 10) zishike mihimili ya bodi, si bati la sakafu peke yake, na chini yake vipande bapa vya chuma. Ekzosi iwe mbali angalau sentimita 10 na paipu yoyote, pamoja na ngao ya bati.

Kuna pia Long Ranger kutoka Australia, tangi moja la karibu lita 140 linalochukua nafasi ya lile la Hilux. Ni bora, ila kuagiza na ushuru huumiza. Prado 150 katika baadhi ya masoko ilitoka na tangi la pili la lita 63, lakini hukaa pale ambapo gari lako huenda limebeba spea chini. Chungulia kabla ya kununua.

Kwa petroli hatupendekezi kazi hii hata kidogo, wala kuchomelea tangi lolote lililowahi kubeba petroli. Kuliosha kwa maji hakutoshi. Mvuke wa asilimia 1.4 tu hewani unatosha kulipuka.

Baki ya malipo itoke baada ya tangi kujazwa, kwa jaribio hili tu, mpaka mdomoni na gari kulala kwenye mteremko usiku mmoja, kadibodi kavu ikiwa chini yake. Filta ya dizeli ibadilishwe baada ya kilomita 500 za kwanza, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla hujaondoka mjini.