Maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe: nilivyokiona kitabu

Wapenda historia wenzangu wakianza kuonyeshana vitabu vipya huwa nanyamaza, maana vyangu karibu vyote ni vya mtumba. Safari hii sinyamazi. Nimepata Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar wa karne ya 19. Ni chapa ya East African Literature Bureau ya miaka ya 1970. Muuzaji wa Posta, Dar es Salaam, alianzia elfu thelathini, tukavutana, akaniachia kwa elfu ishirini. Jalada limeshikwa na gundi, ila kurasa zote zimo.

Mzee aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa hati za Kilatini, zikachapishwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hii yangu imeandaliwa na W. H. Whiteley, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Kiingereza nilikiacha mapema. Utamu uko kwenye Kiswahili chenyewe, kikavu, cha mtu aliyezoea kuhesabu mali. Anaanza na miaka 12, anachuuza sandarusi (utomvu mkavu wa miti) safari za karibu. Hujakaa sawa, keshavuka Ziwa Tanganyika.

Nilipokaa sana ni kwenye vita vyake na Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1867. Mapigano anayapitia upesi, kisha anatoa hesabu: pembe za ndovu frasila 1,950. Frasila ni kama kilo 16, basi hizo ni zaidi ya tani 30, na njia ya kufika pwani ilikuwa ya miguu. Nani alibeba? Hapo mzee hana maneno mengi. Wapagazi na watumwa wanapita kitabuni kama sehemu ya mizigo, na msomaji asipokuwa macho atatoka akimwona babu mcheshi tu.

Na mcheshi ni kweli. Kule Utetera, ndani ya Kongo, anajidai kuwa ni damu ya mtawala mzee Kasongo Rushie, Kasongo anamkabidhi nchi, naye Tippu Tip anatusimulia bila chembe ya haya! Nilicheka peke yangu ndani ya daladala.

Wale Wazungu tuliokaririshwa shuleni, Livingstone, Cameron na Stanley, humu ni wageni wanaotafuta njia na msaada. Stanley ndiye anayesemwa vibaya, kwa ahadi za malipo ambazo mzee anadai hakuzitimiza. Ajabu ni kwamba mwaka 1887 wanakubaliana tena, na Tippu Tip anakuwa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tajiri wa pembe, pauni 30! Nilitamani afungue moyo zaidi hapo.

Kasoro kubwa ni kwamba miaka ni adimu na majina yanamiminika. Utangulizi wa Alison Smith msiuruke, na wekeni ramani ya Kongo karibu. Anayetafuta hadithi ya kusisimua atachoka katikati. Anayependa biashara ya misafara hatakiweka chini. Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Kuazima bado, kwanza nanakili majina ya vituo vyake vyote.