Jimu ya hapa Tabata: mtoto hadumai, ila apelekwe asubuhi

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja ntasema nimeikata wapi. Ni ile jimu ya ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, 30,000 kwa mwezi, mwanafunzi 20,000. Nimempeleka mpwa wangu wa miaka 15, ambaye bibi yake alishatangaza ukoo mzima kwamba akibeba vyuma atabaki andunje mpaka anaoa.

Kocha wa asubuhi yuko vizuri sana. Dogo siku ya kwanza hajagusa chuma, kapewa mti wa fagio apige nao skwati mpaka magoti na mgongo vikae sawa, ndo baadae akapewa chuma kitupu, ndo uzito ukaanza kuongezwa kidogo kidogo, na kama huwezi kurudia mara kumi bila kupinda mgongo huo uzito sio wako, shusha. Dogo alinuna hatari maana alishawaambia wenzie anaenda kutoa kifua.

Sasa hili la urefu. Mifupa ya mtoto inarefukia huku mwishoni, kuna gegedu laini ambazo baadae zinafunga na kuwa mfupa, wasichana hutangulia, wavulana wengi ni kwenye 16 mpaka 18 hivi. Watu wanaogopa uzito utaziponda. Kuumia zinaweza kweli, ila ni pale chuma kinapomdondokea mtu au ananyanyua hovyo hakuna anayemwangalia, na mpira pia unaziumiza mbona ndondo hatuwakatazi? Chama cha madaktari wa watoto Marekani, American Academy of Pediatrics, kiliandika tena 2020 kwamba vyuma vikisimamiwa vizuri havijaonekana kuzuia mtoto kurefuka. Na mnaopenda kumtaja Naim Süleymanoğlu kama ushahidi kwamba vyuma vinadumaza, yule mnyanyua vyuma Mturuki wa kama sentimita 147 mwenye dhahabu tatu za Olimpiki (1988, 1992, 1996), ufupi ndo ulimbeba jamani, mkono mfupi chuma hakina safari ndefu kufika juu. Lasha Talakhadze wa Georgia naye ana dhahabu tatu na anakaribia mita 2, huyo vyuma vilimsahau?

Haya, nyota niliyokata. Jioni pale ni fujo, kocha mmoja watu wamejaa, watoto wa shule wanabebeshana wenyewe kwenye benchi huku wanarekodi video, na hapo ndo mtu anavunjika. Halafu kuna kaka anazunguka na poda zake na vidonge vya "kukata mwili", akaja mpaka kwa dogo. Poda ni hela yako tu inaenda, ila vikiwa ni steroidi (dawa za homoni za kujaza misuli) hivyo vidonge hilo ni balaa lingine, maana hizo ndo zinaweza kufunga zile gegedu mapema mtoto akaishia hapo hapo. Yaani bibi anaogopa chuma wakati cha kuogopa kiko kwenye begi la yule kaka. Nimemwambia mwenye jimu, kasema atamtoa, nasubiri nione.

Kwa hiyo dogo anaenda wikiendi asubuhi tu, na kocha kashaambiwa asimuache na mtu. Feni zinafanya kazi, vioo visafi, maji ya kunywa beba ya kwako, bafu oga nyumbani.