RNA ndogo: huchaguliwa au huzolewa tu?

Wanafunzi wa biolojia hapa Tanga hunibana na swali hili: seli hupakiaje RNA ndogo (vipande vifupi vya molekuli ya RNA, ndugu ya DNA) kwenye vifuko inavyovitoa nje?

Jibu la kwanza ni wingi. RNA iliyojaa ndani ndiyo inayoingia, kama jahazi linalopakia chochote kilichopo gatini.

La pili ni uchaguzi. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walionyesha protini hnRNPA2B1 ikishika mikro-RNA (aina ya RNA ndogo) zenye alama GGAG, yaani mfuatano huo wa herufi za RNA. Mwaka 2016 protini nyingine, YBX1, ikaonekana kuhitajika ili mikro-RNA iitwayo miR-223 ipakiwe. Naegemea huku, maana miR-223 hiyo ilijazana vifukoni kupita kiwango chake ndani ya seli, jambo ambalo wingi hauelezi. Hata hivyo, seli ikiongezewa mikro-RNA, mara nyingi vifuko navyo huibeba zaidi.