Kibanda cha maziwa Sakina, foleni ipo ila nitarudi

Wakuu kama mko Arusha na ni watu wa maziwa, kuna kibanda cha mama mmoja maeneo ya Sakina, huu ni mwezi wangu wa pili nakunywa pale. Mi maziwa napenda toka utoto ila 2019 nilipata brusela, ule ugonjwa unaotoka kwa mifugo, homa inakuja jioni asubuhi haipo, jasho usiku mpaka shuka linalowa, kiuno na magoti kama babu, duka la dawa wakanipa ya malaria, kwingine wakasema taifodi, nimechomwa sindano weee hakuna kitu mpaka daktari mmoja akaniuliza tu, unakunywa maziwa mabichi? Basi nikameza dawa mbili, doksi (doksisaiklini) na rifampisini, wiki sita. Tangu hapo kabla sijauliza bei nauliza yamechemshwa?

Hapa wala huulizi. Sufuria iko mbele yako unaona yanatokota kweli, sio yale ya kupashwa vuguvugu. Na mtindi ndo umenimaliza, anachemsha kwanza, anapoza, ndo anagandisha, maana wengi wanagandisha mabichi wakidhani ule uchachu unaua vijidudu, thubutu! Mzito, krimu juu, sukari ya nini. Kikombe 1,000, lita 2,500, wale wa baiskeli wanauza chini ya hapo lakini mi nishalipa ada yangu.

Siku moja jamaa kwenye foleni akamwuliza mbona huna kile kipimo cha kutumbukiza kwenye maziwa, mama akamjibu "mwanangu, kile kinakwambia kama nimetia maji, hakikwambii ng'ombe katupa mimba." Tulicheka ila ndo ukweli, ng'ombe akitupa mimba hovyo brusela inawezekana kabisa, na ukimzalisha ukashika kondo kwa mikono mitupu unaipata hata kama maziwa huonji. Mama kwao wanafuga, anasema wanavaa glavu na kondo wanalifukia, mbwa asilibebe.

Sasa kasoro. Chapati zake ngumu, achana nazo. Halafu wa kubeba anawajazia kwenye chupa za maji zilizotumika, yaani umechemsha vizuri vile halafu chupa hatujui imetoka wapi?? Nimemwambia, kasema atanunua mpya, bado naona zilezile, so nenda na chombo chako.

Nyota nne. Mtindi saa tatu asubuhi umeisha, usije ukanilaumu.